Anwani Moja, Kompyuta Mbili

Kwanza niutetee waya. Nilimaliza karibu wiki nzima nikiutukana, nikaukata kichwa na kuufunga kingine, nikaubadilisha kabisa, kumbe masikini ulikuwa unafanya kazi yake vizuri tu. Watu wakiona intaneti inakuja na kuondoka husema waya mbovu. Nami, niliyejiona fundi, nikasema hivyo hivyo. Ningetazama watu kama nilivyoutazama ule waya, ningejua mapema.

Tulikuwa na fremu ya duka Kariakoo, upande wa kwenda Msimbazi, mimi na dada yangu. Ilikuwa nyembamba, imebanwa kati ya duka la mapazia na duka la vyombo, na mbele yake wabeba mizigo walikuwa wamefanya kijiwe, kwa hiyo mteja aliyetaka kuingia kwetu ilibidi aombe njia kwanza. Tulichapa kadi za harusi na kadi za michango, vipeperushi, vitabu vya risiti. Tulijaza pia fomu za mtandaoni kwa wafanyabiashara wasio na subira ya kukaa na kompyuta. Wateja walikuwa wa dada. Aliuza vitenge vya jumla miaka mingi kabla ya hapo, na ukitembea naye Kariakoo hufiki unakokwenda, kila mlango anaitwa. Kompyuta zilikuwa zangu mimi.

Na huyu si dada wa kuitwa tu. Mama yetu alipofariki kule Lindi mimi nilikuwa bado mtoto wa kutumwa dukani, naye ndiye aliyekuja kunichukua na kunileta Dar. Amenilea, amenisomesha kwa vitenge. Nilipopata kazi ofisini Posta, kutunza kompyuta za watu wazima waliokuwa wakiogopa hata kuzizima, alilia kwa furaha mpaka nikaona haya. Na siku aliyoniambia, "Njoo tufungue kitu chetu," niliacha kazi bila kumuuliza mtu mwingine. Wenzangu ofisini waliniona chizi. Niliwajibu kwa kiburi kabisa: "Mimi nakwenda kufanya kazi na dada yangu. Nyie mnafanya kazi na nani?"

Kompyuta zetu zilikuwa zile zinazoshuka na makontena zikiwa zimeshatumika ughaibuni. Mwanzoni zilikuwa na Windows. Lakini ukichapa kazi za watu Kariakoo, kila anayeingia anakuja na flashi yake, na kila flashi inakuja na virusi vyake. Nilisafisha mpaka nikachoka. Mwishowe nikaziwekea zote mfumo mwingine, Linux, na virusi vikakosa pa kukaa. Wateja wakiona skrini ile walikuwa wananiuliza kama ni kompyuta ya Kichina, nami nilikuwa nawaambia ndiyo, ili kazi iendelee.

Mtandao niliupanga mwenyewe, na nisingizie unyenyekevu wa nini, niliupanga vizuri. Faiba, yaani waya wa intaneti kutoka nje, iliingia kwenye ruta ukutani, ruta ikalisha swichi, kile kisanduku cha matundu mengi, na kutoka kwenye swichi nyaya zilishuka mpaka kwenye kompyuta na printa. Kompyuta yangu kubwa ndiyo iliyohifadhi kazi zote za wateja, na zile nyingine zilikuwa zikiifuata huko kuchukua mafaili. Kitu kinachofuatwa na wenzake hakitakiwi kuhamahama. Kwa hiyo sikuiachia ruta iipe anwani yoyote, ile namba ambayo kila kompyuta hutafutwa kwayo mtandaoni. Niliingia kwenye mipangilio ya waya, nikatoa otomatiki, nikaiandikia anwani yake ya kudumu iliyoishia na ishirini. Ukiitafuta ishirini, unaikuta. Nyingine zote nilizibakiza kwenye otomatiki, ruta izigawie namba zisizogongana. Siku faiba ikikatika, jambo la kawaida kila barabara inapochimbwa, nilikuwa nachomoa waya na kuiunganisha kompyuta kubwa kwa Wi-Fi ya simu yangu, na kazi zinaendelea.

Ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya dada akiwa mbele anapiga soga na wateja. Hakuwahi kuijali. Kwake intaneti ilikuwa kama maji ya bomba: yakitoka sawa, yasipotoka anaita jina langu.

Kisha alasiri moja, wateja wamepungua, akavuta kiti akakaa ubavuni mwangu.

"Nifundishe," akasema.

"Nikufundishe nini?"

"Hiyo mitandao yako. Siku ukiumwa je? Au siku ukiolewa, nitafanyaje mimi humu ndani?"

Nilicheka. Kuolewa ndiyo ilikuwa fimbo yake ya kunichapia kila asubuhi, na safari hii niliipokea kwa moyo mweupe. Nilifurahi sana, sitaficha. Dada yangu, aliyekuwa akiniita niwashe hata printa, ametaka kujua ninachokijua.

Sasa, watu wa vitenge hujifunza kwa sampuli. Mteja wa jumla analeta kipande, anasema nataka hivi hivi, na mzigo ukija na ua moja limegeukia upande mwingine anaukataa. Dada alikuwa hodari wa kazi hiyo; angeweza kushika kipande gizani akakwambia hiki si kile. Basi na Linux alijifunza vivyo hivyo. Hakutaka maelezo. Nilipoanza kumweleza anwani ni nini na lango la kutokea ni nini, alinikata kauli: "Wewe nioneshe tu, mimi naangalia." Akatoa simu, akapiga picha mipangilio ya kompyuta yangu, kisanduku baada ya kisanduku.

"Hizo namba ni za kompyuta hii peke yake," nilimwambia. "Nyingine yoyote unaiacha otomatiki."

"Eeh," akajibu, ile eeh ya mtu anayehakikisha picha haijatoka na ukungu.

Tukawa tunakaa hivyo kila alasiri. Nilimfundisha kuutambua muunganisho wa waya na wa Wi-Fi, kuuzima, kuufuta, kuuandika upya. Nilimwonesha kwamba ukiwa na vyote viwili, Linux yenyewe inapendelea waya bila kuambiwa. Alikuwa akibonyeza kwa kidole kimoja, ncha ya ulimi imechomoza pembeni ya mdomo, mtandio umemwangukia mabegani na hana habari nao. Akikosea anajisonya. Siku alipofaulu peke yake kuiunganisha kompyuta ya pembeni, alipiga vigelegele mpaka wabeba mizigo wakachungulia wakidhani kuna mtu anachumbiwa. Nilimkumbatia. Miaka yote ile nilikuwa mtu wa kupokea kutoka kwake, na siku hiyo nilijiona nimempa kitu.

Haukupita muda akaniambia kwamba mzee wa mabegi wa ghorofa ya pili anaomba tumgawie intaneti. Kwetu hilo si ajabu. Jengo zima la Kariakoo linaweza kuishi kwa ruta moja, kila mtu amevuta waya wake kwa jirani. Aliniambia nisijisumbue, ameshapata fundi wa kuvuta. Nikaona afadhali, maana ngazi zile zimejaa maroba ya watu, kupita tu ni kazi, sembuse kupita na waya. Jioni nilikuta waya mpya wa bluu umechomekwa kwenye swichi, umepanda ukutani, umezamia kwenye tundu la dari. Nilisifia hata ulivyofungwa.

Baada ya hapo ndipo matatizo yalipoanza. Kompyuta kubwa mara iko mtandaoni, mara imetoka, mara imerudi. Kompyuta nyingine zikawa haziyaoni mafaili, na mara nyingine zinayaona lakini hayafunguki. Asubuhi mapema mambo yalikuwa shwari. Ikifika saa ya maduka kuchangamka, balaa. Mwenyekiti wa kamati moja ya harusi alikuja kuchukua kadi za michango akanikuta nimelala chini ya meza na tochi mdomoni.

"Dada, kamati inakaa leo," akasema. "Nikawaambie nini?"

"Waambie mtandao."

"Mtandao ndio unaoa?"

Nikarudi chini ya meza. Nililaumu waya, nikalaumu panya, nikalaumu umeme. Niliwapigia simu watu wa intaneti nikawafokea, na wao kwa upole wakaniambia laini yao ni nzima. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba nikichomoa waya na kuiunganisha kompyuta ile ile kwa Wi-Fi ya ruta yetu, inatulia kama imepewa dawa. Nikirudisha waya, inaanza tena. Ndiyo maana nikaubadilisha ule waya, na mpya nao ukafanya vile vile. Dada siku hizo alikuwa haonekani. Alikuwa akiingia asubuhi, anasalimia, anasema anafuatilia karatasi mahali, anaondoka. Nilimwonea huruma kwa kuhangaika kote huko.

Hatimaye nikafanya jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama hasira zisingenitangulia. Nilichomoa waya kwenye kompyuta yangu, nikahakikisha haina Wi-Fi, nikahamia kompyuta ya pembeni, nikaandika amri ya kuita ile namba ishirini. Kompyuta yangu ilikuwa pale mbele yangu, haijaunganishwa na kitu, waya wake nimeushika mkononi. Lakini jibu likaja. Likaja tena, na tena, kwa utulivu kabisa: ishirini ipo. Kwa hiyo kulikuwa na kompyuta nyingine mahali fulani kwenye mtandao wangu yenye anwani ile ile. Mbili zikidai anwani moja, mtandao hautambui umpelekee nani, leo unampa huyu, kesho yule, na wote wawili wanakosa. Kwa Wi-Fi ilikuwa ikitulia kwa sababu huko ruta iliipa namba nyingine.

Nikageuka nikautazama waya wa bluu. Nilipouchomoa kwenye swichi, ishirini ikanyamaza. Wala sikukasirika. Nilijisemea, huyo atakuwa fundi wa mzee wa mabegi amebahatisha namba, nipande nikamrekebishie. Mwenyekiti wa kamati alikuwa amerudi tena kufuata kadi zake; nilimwomba anisubiri, nikaurudisha waya ule, nikapanda ngazi nikirukaruka maroba.

Mzee wa mabegi nilimkuta amekaa mlangoni kwake juu ya bunda la mizigo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Vipi huko chini?"

"Tunaenda tu. Nimekuja kuiangalia kompyuta yako kidogo, inagombana na ya kwangu."

Alicheka. "Mimi nina kompyuta? Mimi ni simu hii tu, na yenyewe imepasuka kioo. Labda ile ya dada yako." Akanyoosha kidole kwenye mlango wa pili. "Hongereni bwana, naona mnatanuka."

Nilitazama pale alipoonesha. Waya wa bluu ulikuwa unatokea kwenye tundu la sakafu, unafuata ukuta, unampita mzee na mabegi yake, unaingia chini ya mlango ule. Naapa nilisimama pale nikitafuta namna ya kuelewa vingine. Nilijiambia anataka kunifanyia sapraizi. Mtu mzima mimi, nikajiambia hivyo na nikapata nafuu, nikasukuma mlango.

Chumba kilikuwa kimepakwa rangi upya. Kulikuwa na meza mpya na printa kubwa kuliko yetu, ambayo bado ina ile plastiki ya kiwandani kwenye kona. Ukutani zimebandikwa sampuli za kadi za harusi, na kila moja nimeichora mimi. Mbele ya kompyuta alikaa shemeji, mume wa dada, amevaa shati la kunyooshwa kama mtu wa benki. Skrini yake ilikuwa Linux ile ile, imewekwa kwa flashi yangu ya Linux, niliyokuwa nikiitafuta siku zote hizo, bado imechomekwa pale. Dada alisimama nyuma yake, ameshika simu, analinganisha namba na zile za kwenye picha alizopiga kwangu.

Ndipo nikaelewa kila kitu kwa pamoja, hata kabla hawajaniona. Amefuata sampuli. Hivi hivi, bila kukosea ua hata moja, mpaka ile namba ya mwisho.

"Shikamoo dada," nikasema. Mdomo ulisema wenyewe kwa mazoea.

Alishtuka, simu ikataka kumponyoka. "Marahaba," akajibu, na sauti yake ilikuwa ndogo. Halafu haraka haraka: "Nilikuwa nitakwambia. Nilipanga baada ya Idi, tukiwa tumetulia."

"Uniambie nini?"

Akamtazama mumewe. Shemeji akaitazama skrini.

"Mkataba wa fremu ya chini unaisha," dada akasema. "Siuendelezi. Shemeji yako unajua amekaa nyumbani muda gani. Mwanaume akikaa nyumbani anaharibika, mdogo wangu. Hapa patakuwa pake."

"Na mimi?"

"Wewe umesoma. Posta watakuchukua hata kesho."

"Na wateja?"

"Wateja wananijua mimi." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekukumbusha jambo ambalo mnalijua wote, na ndiyo sababu liliniingia vibaya zaidi.

"Kwa hiyo zile alasiri," nikasema. "Siku nikiumwa. Siku nikiolewa. Ulikuwa unajifunza kuishi bila mimi."

"Usinipandishie sauti mbele ya mume wangu."

Sikuwa nimepandisha sauti. Nimewahi kuibiwa mkoba mchana kweupe hapa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, nimewahi kuachwa na mwanaume niliyekwisha kumtambulisha nyumbani, na vyote viwili nilivilia nikamaliza. Hili lilikuwa la aina nyingine. Huyu alinikalisha, akaniomba ninachokijua, nikampa kwa furaha, nikampigia makofi, naye wakati wote huo alikuwa akipima atapata lini vya kutosha. Yale makumbatio yetu, vile vigelegele, sikujua tena niviweke wapi. Labda alifurahi kweli. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba labda alifurahi kweli.

Shemeji akakohoa. "Shemeji, samahani," akasema, na nadhani masikini hakuwa na ubaya, "hii intaneti inakatakata sana. Tatizo litakuwa nini?"

Watu ninaowasimulia huniuliza kwa nini sikutoka nje na kuubamiza mlango. Nawajibu kwamba kompyuta yangu isingepona mpaka ile irekebishwe, na mwenyekiti wa kamati alikuwa chini ananisubiri na kadi zake. Ni kweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba dada alivuta kiti akasema, "Kaa basi umwangalizie," na mimi dada akiniambia kaa, nakaa. Nimekaa hivyo tangu nilipokuwa mtoto.

Shemeji akanipisha. Niliingia kwenye mipangilio ya waya. Namba zangu zilikuwa zimejipanga pale kama zilivyo kwangu, hata jina la muunganisho alilinakili, jina nililolibuni mwenyewe. Nikafuta ishirini. Nikaweka otomatiki, nikazima muunganisho na kuuwasha, ruta ikaipa namba yake isiyo ya mtu. Nikajaribu. Ikashika palepale.

"Umeona?" dada akamwambia mumewe, na kwa sekunde ile alinionea fahari, kama zamani. Kisha akainama akatoa boksi chini ya meza. "Na hii je? Ya Wi-Fi. Kwa kuwa umeshakaa. Wateja watakuwa wanakuja na simu zao."

Nilikichomoa kile kidude kwenye boksi, nikakiunganisha na waya wa bluu, nikakiamsha. Nilizungumza wakati nafanya, kwa mazoea ya ualimu, nikamweleza shemeji kwamba huku unachagua jina la mtandao, huku aina ya ulinzi. Akawa anaitikia. Dada alisogea akasimama ubavuni mwangu, karibu kabisa, mtandio wake ukanigusa shingoni, na nikanusa udi wa nyumbani kwake, udi wa chumba nilichokulia. Nikafika kwenye kisanduku cha neno la siri. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya vitufe.

"Tuandike nini?" nikauliza.

Dada akaniwekea mkono begani, taratibu, kama alivyokuwa akiniamsha utotoni.

"Hapo niachie, nitaandika mwenyewe," akasema. "Geuka kidogo, mdogo wangu."

Nilinyanyuka nikageukia dirishani. Chini wabeba mizigo walikuwa wanagombea gari lililoingia. Nyuma yangu nilisikia kidole kimoja kikitafuta herufi, kinabonyeza, kinasita, kinabonyeza, kama nilivyomfundisha. Shemeji alikuwa amesimama pale pale, macho kwenye skrini. Yeye hakuambiwa ageuke.